Chagua Moja

Karatasi niliigawa Jumatatu, theluji ikipiga madirisha,
mistari sita, wino hafifu, mashine ya shule ikikohoa:
Mradi wa mwisho. Chagua moja.

Chora ramani ya mji wa riwaya, uonyeshe pasipopitika.
Andika shajara ya mlinzi wa lango, siku saba bila usingizi.
Mshtaki Msajili Mkuu mbele ya darasa, uwe na mashahidi.
Pika chakula cha mgao.
Leta sanduku la vitu vilivyopigwa marufuku.
Au gazeti la asubuhi, utawala ukishaanguka.

Nilijisifu kidogo, nakiri.
Miaka kumi na tisa nafundisha hapa Sudbury,
chini ya dohani ya kiwanda cha nikeli,
na kila Januari nilisahihisha insha zile zile,
zimevaa sare, zimepanga mstari.

Odile Charbonneau akaja na mkate:
shayiri na maji, bila chumvi, mgumu kama kisigino.
Tukatafuna. Akatazama saa, akasema,
dakika nne zimebaki.
Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilimeza haraka.

Ramani ya Veikko kumbe ni mtaa wetu:
reli, uwanja wa magongo ya barafu, duka la kahawa,
na pale ilipokuwa hospitali ya zamani ameacha weupe.
Kwa nini? nikamuuliza.
Mama hapiti hapo.

Kesi ikaharibika.
Wakili wa Msajili alikuwa Sunniva, na ulimi hauna mfupa;
wakamwachia huru mtu aliyefuta majina ya watoto,
kura kumi na tisa kwa nne.
Kengele ikalia, wakatoka wakipiga makofi,
nikabaki na kiti cha mshtakiwa, kitupu, bado kina joto.

Katika sanduku la Brigid: ufunguo, jino la utotoni,
na barua ya baba yake ambayo haijafunguliwa.
Hakueleza. Nikampa nane. Nikafuta, nikampa tisa.
Nikaona haya, kama mtu anayepima machozi kwa kijiko.

Halafu Everett, yule wa kando ya bomba la joto,
aliyesema labda maneno kumi tangu Septemba.
Alinirudishia karatasi yangu mwenyewe.
Nyuma yake, kwa penseli:

Mwalimu, ukurasa wa arobaini na moja
mtoto akitimiza miaka kumi na miwili
huitwa dirishani, hupewa karatasi yenye maisha sita.
Huambiwa, chagua moja.
Nimesoma hapo mara tatu, kisha nikasoma hii yako.
Hata nukta iko mahali pale pale.
La saba silijui. Ningelijua ningelifanya.

Usiku huu niko mezani, chai imeganda utando.
Ubunifu, alama kumi. Usafi wa kazi, kumi.
Ushahidi kutoka kitabuni, ishirini.
Ushahidi anao, wallahi, kuliko wote.
Usafi: pana alama ya kidole chenye mafuta.
Ubunifu sijui. Mtu akikuonyesha mlango uliouchora ukutani,
huo utauita nini?

Bado? anauliza Anselm kutoka chumbani.
Bado mmoja.

Alama zinatakiwa kabla ya saa sita.
Mfumo haukubali pengo. Kila nikiruka jina lake
unaniandikia kwa wekundu, kwa adabu kabisa:
tafadhali jaza namba.

Nikaandika 7.
Sikuwaza alama, niliwaza lile la saba.
Mfumo ukapokea, ukagawa kwa arobaini,
ukaandika pembeni ya jina lake: ameshindwa.

Nimefuta.
King'ora cha zamu ya usiku kinalia mgodini.
Dakika nne zimebaki, na ule mkate wa Odile,
sijui kwa nini,
bado nausikia kooni.